Hilde Mangold: Mwanafunzi aliyeonyesha kiinitete kinavyopata mgongo na tumbo

MVUA ya masika inaponyesha Chekalini, wadi ya wakulima wa mahindi huko Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, vidimbwi hufurika kando ya mashamba na vyura hutaga mayai humo bila kusita. Mtoto aliyetumwa kuteka maji huyaona na kuyapita. Ni vidonge vidogo vilivyofunikwa na ute, vyeusi upande wa juu na vyeupe upande wa chini.

Yai hilo ni tufe. Halina kichwa wala mkia, mgongo wala tumbo. Baada ya siku chache tu, kile kilichokuwa tufe huwa kiluwiluwi mwenye macho mbele, mkia nyuma, ubongo na uti wa neva mgongoni, na utumbo chini yake. Wala hakosei. Si kawaida kumkuta kiluwiluwi ambaye uti wake wa neva umepita tumboni.

Ni nini kinachoziambia seli za yai, ambazo zote zimetokana na seli moja, kwamba hizi ziwe mgongo na zile ziwe tumbo? Wataalamu wa Ulaya walilipigania swali hilo tangu karne ya 19. Jibu la kwanza lililosimama juu ya ushahidi wa wazi lilipatikana mbali sana na Lugari, katika mji wa Freiburg, kusini mwa Ujerumani, na mikono iliyolipata ilikuwa ya mwanafunzi wa kike wa miaka 22.

Hilde Proescholdt, ambaye ulimwengu wa sayansi unamjua kwa jina la Hilde Mangold, alizaliwa Oktoba 20, 1898, katika mji wa Gotha. Baba yake, Ernst, alikuwa mwenye kiwanda cha sabuni, na nyumba ilikuwa na mabinti watatu, yeye akiwa wa katikati.

Kizazi chake kilikuwa miongoni mwa vizazi vya kwanza vya wanawake wa Kijerumani kuingia chuo kikuu kwa haki na si kwa hisani. Freiburg kwenyewe, wanawake walianza kusajiliwa rasmi kama wanafunzi mwaka wa 1900, wakati Hilde angali mtoto mchanga. Alianzia masomo yake katika Chuo Kikuu cha Jena mwaka wa 1918, vita vikuu vya kwanza vikielekea ukingoni, kisha akahamia Frankfurt.

Ni huko Frankfurt alikomsikia Hans Spemann akitoa mhadhara. Profesa huyo alikuwa ameshajijengea jina kwa majaribio ambayo vifaa vyake vingeweza kumchekesha fundi yeyote: unywele laini wa mtoto mchanga na sindano za kioo alizozitengeneza mwenyewe. Kwa unywele huo alilifunga yai la salamanda katikati, kama mtu afungavyo mzigo wa kuni, na kuligawa sehemu mbili. Wakati mwingine kila nusu ilitoa mnyama kamili. Wakati mwingine nusu moja ilitoa mnyama na nyingine ikatoa bonge la nyama ya tumbo lisilo na mgongo. Kulikuwa na kitu ndani ya yai, basi, ambacho nusu moja ilikipata na nyingine ikakikosa.

Mwaka wa 1920 Hilde alimfuata profesa huyo Freiburg. Wanafunzi wenzake humo walikuwa Viktor Hamburger na Johannes Holtfreter, ambao wote wawili walikuja kuwa wanasayansi wakubwa.

Kazi ya kwanza aliyopewa haikumpeleka popote. Spemann alimtaka arudie jaribio la karne ya 18 la kumgeuza nje-ndani mnyama mdogo wa majini aitwaye haidra, jinsi soksi inavyogeuzwa. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena. Hatimaye aliomba apewe mada nyingine, na profesa akakubali. Mada hiyo ya pili ndiyo iliyobadilisha elimu ya viumbe.

Ili kuielewa, sharti kwanza kuitazama saa moja muhimu katika maisha ya kiinitete. Yai lililorutubishwa hugawanyika mara nyingi hadi likawa mpira wa seli maelfu. Kisha, kwa ghafla, seli za nje huanza kuzama ndani kupitia mwanya mdogo, na mpira ule hujikunja na kujipanga upya katika matabaka. Ukingo wa juu wa mwanya huo ndiko mgongo utakakotokea. Spemann alikuwa ameshuku kwa miaka kadhaa kwamba ukingo huo una madaraka yasiyo ya kawaida.

Hilde alipaswa kukata kipande cha ukingo huo kutoka kwa kiinitete kimoja na kukipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Ujanja wa jaribio ulikuwa katika kuchagua aina mbili za salamanda wa majini, wanyama wa jamaa ya chura wenye umbo la mjusi. Aina ya kwanza, iliyotoa kipande, ina seli nyeupe. Aina ya pili, iliyopokea, ina seli za rangi ya kahawia. Yeyote angeweza baadaye kutazama chini ya hadubini na kusema seli hii ni ya mwenyeji na hii ni ya mgeni.

Majaribio ya zamani ya Spemann yalikuwa na udhaifu hapo. Alipotumia viinitete vya aina moja, mnyama wa pili alipojitokeza hapakuwa na njia ya kujua kama aliumbwa na kipande kilichopandikizwa au na mwenyeji wake.

Salamanda hutaga katika majira ya kuchipua pekee, yaani wiki chache za kila mwaka. Kiinitete kina upana wa milimita mbili hivi, na kipande cha kukatwa ni kidogo kuliko punje ya wimbi. Hapakuwa na dawa za kuua bakteria. Baada ya kuondolewa utando wake wa kinga, kiinitete kingi kilioza ndani ya bakuli kabla ya kuonyesha lolote. Mtu alihitaji mikono isiyotetemeka na, pengine zaidi ya hiyo, uvumilivu wa kuyazika matumaini ya asubuhi ifikapo jioni na kuanza upya kesho yake.

Hilde aliendelea hivyo katika majira ya mwaka wa 1921 na mwaka uliofuata. Katika kazi yote hiyo, viinitete sita tu ndivyo vilivyofaa kuelezwa kwa kina katika ripoti yake.

Sita hao walitosha. Pale tumboni, mahali ambapo pangekuwa na ngozi ya kawaida, paliota mnyama wa pili. Alikuwa na mrija wa neva, vipande vya misuli pande zote mbili, na katika kiinitete kilichoandikwa kwa alama Um 132, mwanzo wa masikio. Walikuwa kama pacha walioungana, wakitazamana tumbo kwa tumbo.

Lakini lililo kubwa zaidi lilionekana baada ya Hilde kukikata kiinitete vipande vyembamba na kuvipanga juu ya vioo vya hadubini. Sehemu kubwa ya pacha yule ilikuwa ya kahawia. Mrija wa neva ulikuwa umejengwa hasa na seli za mwenyeji, seli ambazo zingeachwa zilivyo zingekuwa ngozi ya tumbo. Kipande cheupe kilichopandikizwa kilikuwa kimejenga hasa ufito laini wa katikati unaotangulia uti wa mgongo, na kuwaamuru majirani wake wafanye kazi iliyobaki.

Kwa hiyo hatima ya seli haikuwa imeandikwa ndani yake tangu mwanzo. Iliambiwa na jirani. Spemann alikiita kipande hicho mratibu, kwa kuwa kilifika ugenini na kuwapanga wenyeji.

Ni haki kutaja kwamba hakuwa wa kwanza kabisa kuona jambo la namna hii. Mwaka wa 1909 Mmarekani Ethel Browne alikuwa amepandikiza kipande cha haidra na kukiona kikiwashurutisha wenyeji kuunda mwili mpya. Kazi yake haikupewa uzito uliostahili, na mpaka leo hutajwa kwa nadra.

Oktoba 1921, katikati ya kazi hiyo, Hilde aliolewa na Otto Mangold, msaidizi mkuu wa Spemann katika maabara. Shahada ya uzamifu aliipata mwaka wa 1923, mwaka ambao sarafu ya Ujerumani ilianguka hadi mkate ukauzwa kwa mabilioni, na mwishoni mwa mwaka huohuo akajifungua mtoto wa kiume, Christian.

Ndipo likaja suala la makala. Wanafunzi wengine wa Spemann walichapisha tasnifu zao kwa majina yao wenyewe. Hii ya Hilde ilichapishwa na majina mawili, na la profesa likatangulia. Spemann ndiye aliyekuwa na wazo na ndiye aliyejua uzito wa matokeo. Hata hivyo, Viktor Hamburger, aliyeandika kumbukumbu za maabara hiyo miaka 60 baadaye, alieleza kwamba Hilde hakulifurahia jambo hilo. Hakuna mwanafunzi wa kiume wa siku zile aliyetakiwa kufanya vivyo hivyo, na msomaji ana uhuru wa kupima mwenyewe.

Makala ilitoka mwaka wa 1924. Familia ilikuwa imehamia Berlin, ambako Otto alipata wadhifa katika Taasisi ya Kaiser Wilhelm. Septemba 4 mwaka huo, hita ya gesi ililipuka nyumbani kwao. Hilde aliungua vibaya na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 25, na mtoto wake hakuwa ametimiza mwaka mmoja.

Mwaka wa 1935 Spemann alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa ugunduzi wa mratibu. Tuzo hiyo kwa kawaida haitolewi kwa aliyekwisha kufa. Imebaki kuwa miongoni mwa tuzo chache za Nobel zilizotokana moja kwa moja na tasnifu ya mwanafunzi.

Kufikia hapo, kila maabara ya viinitete ilikuwa inakimbilia swali moja: mratibu anatumia kitu gani kuwaamuru majirani? Mwaka wa 1932 ilibainika kwamba hata mratibu aliyeuawa kwa joto au kwa pombe bado aliweza kuchochea neva kuota. Basi hakuwa na haja ya kuwa hai, ilikuwa kemikali. Otto Mangold naye alionyesha mwaka wa 1933 kwamba sehemu mbalimbali za tabaka lililozama ndani hutoa amri mbalimbali, nyingine za kichwa, nyingine za kiwiliwili, nyingine za mkia.

Msako wa kemikali hiyo uliishia matopeni. Maini ya wanyama yalichochea neva. Figo zilichochea. Mwaka wa 1936 watafiti wa Cambridge waliona hata rangi ya buluu ya kutia nguo na vioo vya hadubini ikifanya hivyo. Kila kitu kilikuwa jibu, na kwa sababu hiyo hakuna kilichokuwa jibu. Tatizo lilikuwa salamanda mwenyewe: ngozi yake changa iko tayari mno kugeuka neva, kiasi kwamba usumbufu mdogo tu huisukuma. Wengi walikata tamaa na mada ikalala kwa miongo kadhaa.

Kilichoiamsha ni mnyama kutoka Afrika. Karibu na mwaka wa 1930, Lancelot Hogben, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Cape Town, alitambua kwamba chura wa majini mwenye kucha akidungwa homoni fulani hutaga mayai muda mfupi baadaye. Kwa miaka mingi hospitali za Ulaya na Marekani zilimtumia kupima mimba: mkojo wa mwanamke ulidungwa chini ya ngozi ya chura, naye akitaga, mama ni mjamzito. Vyura walisafirishwa kwa maelfu. Wataalamu wa viinitete walipogundua kwamba wangeweza kupata mayai wakati wowote wa mwaka bila kungoja majira, salamanda alisukumwa kando.

Jamii ya vyura hao imeenea Afrika Mashariki pia, na jamaa zao wanaishi katika mabwawa na vijito vya magharibi mwa Kenya, wakiwa na miguu mipana ya nyuma na kucha tatu nyeusi kila mguu. Mmoja wao alipata kazi ya pekee. Ni yule aliyeelezwa kisayansi mwaka wa 1936 kutokana na vielelezo vya Marsabit, anayeitwa kitaalamu Xenopus borealis. Kwa miaka kadhaa maabara za ng'ambo zilimtumia bila kujua ni nani, zikidhani ni aina nyingine, hadi kosa liliposahihishwa mwaka wa 1977.

Mwaka wa 1983 ilionyeshwa kwamba seli za chura huyo wa Kenya, zikitiwa rangi ya kwinakrini, hung'aa vitone ndani ya kiini, ilhali za binamu yake wa Afrika Kusini having'ai hivyo. Kipande chake kikipandikizwa kwa binamu, mtafiti huweza kutofautisha mgeni na mwenyeji. Ndiyo kazi ileile ya seli nyeupe na za kahawia za Hilde, miaka 60 baada yake.

Jibu la kemikali lilianza kupatikana katika mayai ya chura huyo wa Afrika Kusini. Mwaka wa 1992 maabara ya Richard Harland huko California ilitangaza protini iliyoitwa nogini. Mwaka wa 1994 maabara ya Edward De Robertis, pia California, ilitangaza kordini. Zote mbili hutengenezwa na mratibu na kutolewa nje, katika nafasi zilizo baina ya seli.

Kilichowashangaza wengi ni namna zinavyofanya kazi. Kwa miaka 70 watu walikuwa wakitafuta protini inayoziambia seli ziwe neva. Nogini na kordini hazisemi lolote la namna hiyo. Zinanyamazisha.

Karibu kiinitete chote kinaogelea katika protini nyingine, zijulikanazo kama BMP, ambazo awali zilijulikana kwa uwezo wa kuotesha mfupa. BMP huifikia seli kama ufunguo unavyoingia kufuli, na mlango ukifunguka seli huelekea kuwa ngozi na sehemu za tumbo. Nogini na kordini huukamata ufunguo ungali njiani. Karibu na mratibu, ambako funguo nyingi zimekamatwa, seli huachwa zifuate njia yao nyingine na kuwa ubongo na uti wa neva. Mbali naye, BMP hutawala. Baina ya ncha hizo mbili kiwango hupanda polepole, na kila seli hujua iko umbali gani kutoka mgongoni kwa kiasi cha BMP kinachoifikia.

Mhimili wa pili, wa kichwa hadi mkia, nao hupangwa kwa kiwango. Huko mtawala ni kundi la protini za Wnt, ambazo ni nyingi upande wa mkia. Kichwa huota pale ambapo protini nyingine za mratibu zimezizuia.

Mratibu mwenyewe hutoka wapi? Mara nyingi mbegu ya kiume ndiyo huamua. Mahali inapopenya, gamba la yai huzunguka kidogo, na upande wa pili wa mahali hapo huwa mgongo. Kiluwiluwi wa Lugari ana mgongo alio nao kwa kuwa mbegu iliingilia upande ule na si huu.

Baadaye ilikuja kubainika kwamba nzi ana protini zilezile mbili, moja ya kuamuru na nyingine ya kunyamazisha, ila kwake zimepinduliwa. Uti wake wa neva uko tumboni. Mfaransa Geoffroy Saint-Hilaire alikuwa amedai mwaka wa 1822, akimtazama kamba mkubwa wa baharini, kwamba wanyama hao ni kama sisi tuliogeuzwa juu chini. Alidhihakiwa sana, na sasa wengi wanaona hakuwa mbali na ukweli.

Binadamu naye ana nogini na kordini. Mrija wa neva ambao Hilde aliuona kwenye vioo vyake ndio ubongo na uti wa mgongo wa kila mtoto, nao hujifunga mnamo siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, mara nyingi mama akiwa hajajua kuwa ni mjamzito. Usipojifunga vyema, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Upungufu wa foliki huongeza hatari hiyo, na ndiyo sababu Kenya iliamuru mwaka wa 2012 unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti utiwe madini na vitamini, foliki ikiwamo. Mahindi ya Chekalini yanayosagwa kwenye kinu cha posho kijijini hayaguswi na amri hiyo kwa urahisi, na familia nyingi hula unga huo huo.

Waliomzunguka Hilde walitawanyika. Spemann alifariki mwaka wa 1941. Holtfreter aliikimbia Ujerumani ya Hitler. Hamburger, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi, hakurudi kutoka Marekani baada ya kufutwa kazi mwaka wa 1933. Otto Mangold alijiunga na chama cha Nazi na kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg kati ya 1938 na 1940; alifariki mwaka wa 1962. Christian, mtoto aliyeachwa mchanga, aliuawa katika vita vikuu vya pili.

Kwa muda mrefu vitabu viliita kipande kile Mratibu wa Spemann. Siku hizi vingi huandika Mratibu wa Spemann na Mangold. Wanafunzi wengine huchukulia kwamba Mangold huyo ni Otto, kwa kuwa naye alitafiti jambo hilohilo na makala zake ni nyingi. Hilde alipoanza upandikizaji wake mwaka wa 1921 bado alikuwa akiitwa Proescholdt.